Nyuzi Arubaini na Moja

Kiponda, Mjini Unguja
Mfungo Mosi, mwezi wa Idi

Mama yangu,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Kabla sijasema langu nataka kujua lako. Goti la kushoto linakwendaje? Ukikaa kushona kofia unaweza kulikunja, au bado unalinyoosha mbele kama mtu anayetega njia? Mize anakwenda skuli kila siku au siku za mvua analala? Na yule mbuzi mweusi kashazaa? Mie huku sijambo, nakula nashiba, nalala vizuri, na mikono yangu imekuwa myeupe kama ya mtu alolala ndani ya maji. Sababu ya huo weupe utaisikia huko mbele, usiwe na haraka.

Mize mdogo wangu, wewe ndio msomaji. Soma polepole. Nlipoandika kombo usinicheke mbele ya Mama, nicheke ukishamaliza. Darasa la tano nliloishia unalijua, na barua hii imenichukua siku nne, kila asubuhi kabla ya kufungua duka.

Mama, utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Simu ya Bi Rehema siitaki kwa jambo hili. Bi Rehema jirani mwema, lakini akiipokea huweka sauti nje, na nusu ya kijiji wanakuwa washanisalimia kabla hujaja wewe. Nami mbele ya watu unanijua, ulimi unaganda. Kila ulipouliza hotelini kwema, nlijibu kwema. Basi nlikuwa nasema uongo, na leo nautapika.

Mie siko Kendwa. Nimetoka Kendwa tangu mwezi wa Rajabu. Nlikaa siku kumi na moja tu.

Usimlaumu Mjomba Kombo, kazi alinitafutia nzuri. Kazi yenyewe ilikuwa kusimama mlangoni na sinia la juisi, wageni wakishuka garini niwape, nicheke, niwaambie karibu. Ndio kazi nzima. Wenzangu waliipenda, kuna mmoja kutoka Nungwi akicheka na mgeni utafikiri walizaliwa tumbo moja, na jioni akenda kwao bado anacheka. Mie nlikuwa nashika sinia na kuwatizama. Namtizama huyu viatu vyake vimeliwa upande mmoja, yule shati lake limefungwa vifungo kombo, namtizama mpaka yeye anaona haya. Msimamizi akanambia kwa upole kuwa wageni wanauliza kwa nini yule kijana anawakodolea macho na hasemi. Siku ya kumi na moja nkavua sare mwenyewe, nkaikunja vizuri, nkaiweka juu ya meza yake, nkarudi kwa Mjomba Kiembe Samaki.

Mjomba hakunifokea. Yeye kazi yake ya teksi pale uwanja wa ndege anaijua na anaipenda, anasema kazi yoyote ni kama gari, ukilijua kelele zake halikusumbui. Mie nkamwomba asikwambie. Akakubali kwa shingo upande, akasema, "Mpaka Idi imalizike. Baada ya Idi usipomwambia wewe ntamwambia mie." Idi imeshamalizika. Ndio hii barua.

Sasa sikiliza habari nzuri, Mama, maana nimekaa nayo mpaka inaniwasha.

Mjomba alinituma nimpelekee kanzu yake kwa dobi, huku Kiponda. Dobi mwenyewe ni Mhindi mtu mzima, Baniani, jina lake Mzee Jivan. Duka lake ni mlango mmoja tu, meza mbele, pasi ya makaa juu ya meza, na nyuma kuna ua wenye birika kubwa la maji, la kujengwa kwa saruji, na jiwe la kufulia. Kazaliwa hapo hapo juu ya duka, na baba yake alikuwa dobi hapo hapo. Nkampa kanzu, akanambia njoo keshokutwa. Mie sikuondoka. Alikuwa anapiga pasi mkono wa kanzu, Mama, na ile nguo ilokuwa kama tambara likawa linaamka. Linaamka hivi hivi unaliona, kama mtu aliekuwa amelala akaitwa jina lake. Nkasimama mpaka adhuhuri.

Kesho yake nkarudi, sina nguo mkononi. Siku ya tatu nkarudi tena. Ndipo akaniuliza, bila ya kuinua kichwa, "Wewe Mpemba, umeleta nguo au umeleta macho tu?"

"Nimeleta macho, Mzee," nkamwambia. Hata sijui nliitoa wapi sauti.

Akacheka. Akasema basi mikono nayo iingie, birika limejaa mashuka.

Hivo ndivo nlivoanza. Shaaban nzima nkawa nyuma uani, nafua mashuka ya nyumba za wageni, naanika juu darini kwenye jua, naanua, nayapiga pasi. Mama, usikunje uso. Najua utasema umemtoa mwanao Pemba akavae sare, naye kaenda kufua mavazi ya watu. Lakini nsikilize. Nikiamka asubuhi mie hutembea haraka. Miguu yenyewe inakwenda. Nafika mlango haujafunguliwa, nakaa barazani namngoja Mzee. Hakuna anaenilazimisha kucheka, nami kutwa nzima nacheka peke yangu. Mzee Jivan si msemaji, ila akisema anachoma. Mkewe Bi Lata ndie msemaji, anatosha kwa wote watatu. Ramadhani ilipoingia, kila siku kabla ya magharibi alinishushia kachori na chatine ya nazi ndani ya kibakuli, akinambia nile nishibe, mfungaji asiwe mwembamba kuliko kamba ya kuanikia.

Kanzu lakini nlikuwa sizigusi. Kufua ndio, kuzitia uwanga zikaze na buluu zing'are ndio, lakini zikishakauka Mzee alizichukua mwenyewe mbele, akazipiga pasi mwenyewe, akazipanga mwenyewe. Kanzu ndio heshima ya duka. Mie nlikuwa nazitizama kwa mbali kama mtu anaetizama harusi ya jirani.

Basi siku mbili kabla ya Idi, duka limejaa mpaka juu, Mzee akaitwa hospitali kupimwa macho. Macho yake yanampa tabu, sindano anaitia uzi mara nne ndio inaingia. Miadi ya daktari ukiikosa unangoja miezi, kwa hivo akawa hana budi. Akanitizama, akatizama rundo la kanzu. Arubaini na moja, zishafuliwa, zishakauka. Akasema, "Zipige pasi, zikunje. Usimpe mtu mpaka nirudi. Unaweza?"

"Naam," nkasema.

Mama, furaha ya siku ile! Nkatia mkaa wa vifuu ndani ya pasi, nkaijaribu kwa kidole kilichoroa mate, nkaanza. Ya kwanza ikatoka safi. Nkaigeuza niikunje, nkaona nyuma ya shingo, kwa ndani, vinaning'inia viuzi, ambavo birikani sikuwahi kuvijali. Viuzi vyekundu viwili. Nkasema moyoni, lo, huyu fundi aloshona hii kanzu hakuwa na mama wa kumfundisha. Nkatafuta wembe, nkavikata vizuri, hakubaki hata unywele. Nkachukua ya pili. Nayo ina uzi, wa buluu. Nkaukata. Ya tatu manjano, vitatu. Nkakata.

Unajua nlikuwa nasikia sauti ya nani? Yako. Wewe unavoigeuza kofia ya mtu ndani nje na kuipitishia kidole, unavosema uzi unaoning'inia unamwita mshonaji mvivu. Mara ngapi umenirudishia kofia kwa uzi mmoja tu? Basi mie siku ile nlikuwa mwanao kweli kweli. Kanzu arubaini na moja nimezikata nyuzi zote, nimezipiga pasi, nimezikunja, nimezipanga juu ya rafu kama mikate. Zimekaa nyeupe, zimelingana, huijui hii na hii. Nlizitizama nkaona raha mpaka kifua kikauma.

Mzee akarudi alasiri, jicho moja bado linatoka machozi ya dawa. Akatizama rafu, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akashika ya juu kabisa, akaigeuza shingo. Akaiweka. Akashika ya pili, akaigeuza. Ya tatu. Halafu akakaa chini juu ya debe la mkaa.

"Faki," akasema taratibu, "ziko wapi nyuzi?"

"Nshazikata, Mzee."

"Zote?"

"Zote," nkasema, na nlikuwa nangoja anisifu.

Hakunifokea, Mama. Afadhali angefoka. Alinyosha mkono tu akanambia nimwoneshe. Nkamletea kile kizoleo cha vumbi, na mle ndani zimelala nyuzi, nyekundu, kijani, buluu, manjano, rundo dogo kama kiota cha ndege. Ndipo akanieleza. Kila nyumba anayoifulia ina uzi wake. Rangi na hesabu. Nyekundu mbili ni nyumba fulani, kijani moja ni fulani, baba yake alianza hivo na yeye kaendelea. Wino anauchukia, anasema kanzu nyeupe haiandikwi. Karatasi inaroa. Uzi haupotei. Bila ya uzi, kanzu nyeupe arubaini na moja ni kama mayai. Na keshokutwa Idi, na kila mwenye kanzu atakuja kesho kutaka yake, aende nayo msikitini.

Bi Lata akateremka kutoka juu. Akatizama rafu, akatizama kizoleo, akafahamu. Akamwambia mumewe, "Jivan, miaka yote hii unatafuta mtu msafi. Haya, umempata."

Mzee hakucheka. Mie nlitamani lile birika la maji linimeze. Miguu ilishaanza kwenda mlangoni, Mama, nakwambia ukweli, nlikuwa nakimbia. Ile kazi nloipenda kuliko chochote nlikuwa nimeiua kwa mkono wangu mwenyewe siku ya kwanza kuaminiwa. Nlifika kizingiti. Na pale kizingitini kwenye kona ya rafu ilikuwepo kanzu moja, mkono wake umejikunja kidogo, nkaona kiwiko. Kiwiko kimesagika, kitambaa kimekuwa chembamba kama utando wa kitunguu.

Nkasema, "Hii ya fundi saa."

Mzee akainua kichwa.

"Yule wa uchochoro wa nyuma," nkasema. "Kutwa kaegemea meza kwa viwiko vyote viwili, anatizama saa kwa kile kioo chake. Hii yake."

Mzee akaichukua, akaitizama viwiko, akaisogeza mwangani. Akamwita Bi Lata amtilie uzi sindanoni, akashona pale pale, buluu mbili. Halafu akanambia, "Nyengine."

Mama, mie nlikuwa kila siku nakaa barazani namngoja Mzee afungue mlango, na watu wanapita. Sisemi nao, lakini nawaona. Karibu miezi miwili nimewaona. Nkaanza kuzitoa. Hii kwapa zake zote mbili zimeshonwa upya, ya mwadhini, maana mara tano kwa siku anainua mikono masikioni. Hii pindo lake la kushoto lina vitundu vya cheche, ya mzee wa kahawa, jiko huliweka mkono huo. Hii ina doa la manjano ndani ya pindo la mkono, nimelisugua mwenyewe likakataa, ya bwana anaeuza mchuzi wa urojo. Hii ina wino mkono wa kulia, ya mwalimu wa chuo cha Kurani. Hii ina mafuta chini kwa ndani, ya muuza vitambaa, maana haachi vespa yake hata kwenda msikiti ulio mbele ya duka lake. Kila mtu kazi yake imemwandika, na mie ambae kitabu kinanishinda nlikuwa naisoma.

Bi Lata anatia uzi, Mzee anashona, mie nasema. Nlisema siku ile maneno mengi kuliko mwaka mzima. Nyengine Mzee mwenyewe alizijua kwa urefu, nyengine Bi Lata alizijua kwa harufu ya udi wa nyumba zao. Mpaka karibu na futari zikabaki nne.

Hizo nne zilinishinda. Urefu mmoja, hazina doa. Kesho yake adhuhuri nkaenda kusimama ng'ambo ya msikiti, watu wanatoka kuswali, nkawatizama mabega. Mtu bega lake likiwa chini, kanzu inaburura upande mmoja na pindo la upande huo linalika. Nkamwona mmoja, mwenye duka la masanduku, bega la kulia liko chini kwa kubeba. Nkarudi mbio, kweli, moja kati ya nne pindo la kulia limelika. Nkatoka tena. Nkampata wa pili kwa namna anavokalia pindo lake, wa tatu kwa kidevu, ndevu zake zimekwaruza uzi wa shingo. Watu walioniona nikikimbia huku na huku walidhani nimefiwa.

Ikabaki moja. Hii haikuwa na kitu. Haina kiwiko, haina pindo, haina harufu. Nimeigeuza ndani nje mara kumi. Watu washaanza kuja kuchukua zao, Mzee anampa huyu, anampa yule, kila anaekunjua yake anasema ndio hii, shukrani, Idi njema. Hakuna hata mmoja alorudisha. Hata mmoja, Mama! Nami badala ya kufurahi nnaitizama ile moja tu, nasema huyu ataharibikiwa na Idi kwa sababu yangu.

Mara Mjomba Kombo akasimama mlangoni, funguo za gari mkononi, akataka kanzu yake ya Idi.

Mzee akanitizama. Mie nkatizama chini. Bi Lata akafunika mdomo kwa sari.

Mzee akamweleza yote, pole pole, bila ya kuninyima aibu hata tone. Mjomba akasikiliza mpaka mwisho, akaja akaichukua ile kanzu kutoka mkononi mwangu.

"Arubaini za watu umezijua," akasema, "ya mjomba wako unaekula kwake hukuijua?"

"Haina alama, Mjomba," nkasema.

"Itaitoa wapi alama," akasema Mzee Jivan. "Unaivaa Idi mbili kwa mwaka, siku zote nyengine umo ndani ya gari. Nletee shati lako la kazi uone kama hatokwambia mpaka gea unayoipenda."

Wakacheka wote, na Mjomba alicheka zaidi. Halafu Mzee akaacha kucheka. Akamwambia Mjomba kuwa daktari kamwambia jicho moja halitorudi, na la pili litafuata pole pole. Wanawe wako mbali na kazi zao, mmoja muuza dawa, mmoja benki, hakuna anaeitaka pasi. Akasema anataka mtu wa kudumu, amfundishe kanzu, majoho ya harusi, hariri, kila kitu, na siku macho yakimwishia mtu huyo ashike meza ya mbele. Akanyosha kidole kwangu kama anaeonesha pasi au debe. "Huyu," akasema.

Mjomba akamwambia atamjibu. Njiani ndani ya gari ndipo akanambia. Ameshanipatia kazi nyengine Kendwa, hoteli tofauti, bustanini, kumwagia maua. Hakuna sinia, hakuna wageni, na mshahara unazidi wa dobi. Wananitaka mwanzo wa mwezi ujao. Nkamwambia Mjomba mie nnataka kubaki. Akasema, "Mie si baba yako. Baba yako hayupo. Neno la mama yako ndio la mwisho, na umwandikie ukweli wote."

Basi huo ndio ukweli wote, Mama. Bustani ni kazi njema, siidharau, na najua Kendwa ushawatajia watu. Lakini mie hapa nikishika kanzu ya mtu namjua, na yeye akiivaa anasimama vizuri, na hatujasemezana hata neno. Nlikuwa nadhani mie nina kasoro. Kumbe nlikuwa sijafika mahali pangu.

Kifurushi ulichopewa na Bakari, kijana wa kijijini kwetu aliekuja kusalimia kwao, pamoja na barua hii, ndani yake imo kanzu ya Baba. Ile ulonipa nkavae siku ya kwanza Kendwa, yenye kutu kifuani kwa msumari wa sanduku, kutu uliyosema haitoki mpaka kiyama. Imetoka. Ndimu, chumvi na jua la siku tatu, na Mzee Jivan akinisimamia kila nikitaka kusugua, anasema kutu haipigwi, inabembelezwa. Nimeitia uwanga kidogo tu, Baba hakupenda nguo inayopiga kelele. Itizame kifuani, upitishe kidole chako.

Sasa itizame nyuma ya shingo, kwa ndani. Siku ya Idi Mzee alifungua bati lake la biskuti analowekea nyuzi, akasema kila nyumba ina uzi isipokuwa ya kwenu, chagua. Nkachagua kijani, mishono mitatu. Mmoja wako, mmoja wa Mize, mmoja wa marehemu. Wangu sikuona haja, mie ndio nloshona.

Nisalimie Bi Rehema, jirani yetu na mwenye simu, mwambie asinune. Nisalimie Babu Shehe, anaeswalisha, na shangazi Mwanajuma wa kule bondeni, na Mzee Hamad mvuna karafuu, mwambie kanzu yake yenye utomvu ailete, naitaka kwa hamu. Mjomba Kombo na mkewe wanakusalimu, na Bi Lata anakusalimu ingawa hakujui, kasema nikwambie wewe ulonifundisha kukata nyuzi kuwa ulifundisha vizuri kupita kiasi.

Bakari anarudi na meli ya Jumamosi. Mpe kanzu aniletee. Ukiniwia radhi nibaki kwa Mzee Jivan, uache uzi ulivyo. Ukitaka niende Kendwa, ukate. Sintouliza, sintonuna, ntafunga nguo zangu nende na Mjomba, na bustani ntaimwagia maji kwa moyo.

Ila mkono wako naujua, Mama. Ukiona uzi, wembe unakwenda kabla ya akili. Hili ningeliandika juu kabisa, na karatasi nyengine sina. Basi kama ushafungua kifurushi kabla Mize hajafika hapa, na wembe ushapita, mwambie Bakari anambie kitu kimoja tu: uliokata ni mkono, au ni moyo.

Mwanao,
Faki